Rangi ya Mtoto Katika Picha

Picha za rangi ambazo wazazi wa hapa Kiegei huniletea, watoto wao wakiwa wamesimama nje, zina kasoro zinazofanana. Uso umekuwa bapa, na aliyesimama chini ya mkorosho ana ukijani mashavuni. Kivulini mwanga huenea sawasawa, tena hupakwa rangi ya majani.

Kasoro nyingine ilitoka mbali zaidi. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, maarufu kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na sura nyeusi zikazama gizani. Ng'ambo ya Ruvuma, mwishoni mwa miaka ya 1970, Jean-Luc Godard alilalamika Msumbiji kwamba filamu hizo zinabagua. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990.

Picha hizo nazirekebisha kwa kompyuta. Kwanza naondoa ukijani, nikitazama shati jeupe la shule, ingawa nalo huenda limetiwa buluu. Kisha naongeza tofauti ya nuru na kivuli usoni, kidogo kidogo. Kishawishi ni kuzidisha nuru mpaka mtoto mweusi awe maji ya kunde. Atapendeza, naam, lakini mama yake atauliza huyu ni wa nani.

Kompyuta haijapata kumwona mtoto huyo. Kabla ya kuchapa, namwita aliyemlea aangalie.