Forodhani, Darajani, Ng'ambo: Majina ya Mahali na Historia ya Maeneo ya Umma katika Mji wa Zanzibar

Forodhani hakuna forodha. Darajani hakuna daraja, na anayekwenda Ng'ambo siku hizi havuki maji yoyote. Majina haya matatu, ambayo mkazi wa Unguja huyatamka kila siku bila kuyafikiria, yanahifadhi kumbukumbu ya kazi zilizofanywa mahali hapo kabla hapajapimwa na wapangaji wa miji. Makala haya yanayasoma kama ushahidi wa kihistoria, kwa kuwa swali la namna ya kufufua kitovu cha mji wa pwani huulizwa sana kwa lugha ya saruji, taa na watalii, na ni nadra kuulizwa kwa kufuata namna wenyeji wenyewe walivyopatumia na kupaita mahali hapo.

Neno forodha, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa zinazoingia na kutoka. Katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja, ushuru huo ndio uliokuwa uti wa mgongo wa hazina ya Sultani. Karafuu, pembe za ndovu na sandarusi zilipita hapo. Walipita pia watumwa, nao wakitozwa ushuru kama bidhaa, hadi mkataba wa 1873 ulipopiga marufuku biashara hiyo baharini. Kwa hiyo ufuo ambao leo ni bustani haukuwa mahali pa mapumziko hata kidogo. Ulikuwa mahali pa kuhesabu, kupima na kulipa. Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib nyuma yake mwaka 1883, na tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya manowari za Kiingereza ikaliharibu vibaya eneo la kasri.

Bandari mpya ya Malindi ilipojengwa katika miaka ya 1920, shughuli za ushuru zilihama. Uwanja uliobaki ukageuzwa bustani mwaka 1936, kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, nayo ikapewa jina la Jubilii. Hapa pana jambo linalostahili kuzingatiwa na washauri wa sera. Jina rasmi lilitoka kwa watawala na lilikuwa na sherehe nyuma yake, lakini halikudumu vinywani mwa watu. Waliendelea kusema Forodhani, na wanasema hivyo hadi leo.

Historia ya Darajani na Ng'ambo ni nzito zaidi. Hori la bahari liliutenga mji wa mawe na makazi ya upande wa pili, na daraja ndilo lililoziunganisha pande hizo. Katika karne ya 20 hori lilifukiwa kwa awamu. Maji yakaondoka, mgawanyiko ukabaki katika neno: Ng'ambo ni upande wa pili, na msemaji wa neno hilo anajiweka, atake asitake, upande huu. Mipango miji ya kikoloni, ukiwamo ule wa Lanchester wa 1923, iliushughulikia mji kwa kutenganisha maeneo kufuata jamii za watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ilijibu kwa majengo marefu ya Michenzani, huku nyumba nyingi za Mji Mkongwe, zilizoachwa na wenyewe, zikikaliwa na familia kadhaa kwa pamoja bila matengenezo ya kutosha.

Juhudi za kuuhifadhi mji zilipata chombo chake mwaka 1985 ilipoundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Kati ya miradi iliyofuata, ukarabati wa Forodhani uliofanywa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kukamilika mwaka 2009 ndio wenye mafunzo mengi. Ukuta wa bahari uliimarishwa, mifereji ikatengenezwa, njia na taa zikawekwa. Hayo yote yangeweza kufanyika na bustani ikabaki tupu. Kilichoiokoa ni kwamba wauza vyakula walirudishwa. Pweza, mishikaki, urojo na maji ya miwa vilirudi pamoja nao, na wenyeji wakarudi kufanya walichokizoea: kupunga upepo. Kiswahili kina kitenzi mahususi kwa starehe hii isiyo na kiingilio, na mpangaji anayeandika "burudani" mahali pake anapoteza nusu ya maana.

Neno jingine la kuzingatia ni baraza. Ni benchi la mawe lililoungana na ukuta wa nyumba. Ni kikao cha wanaokaa juu yake. Ni Baraza la Wawakilishi. Lugha imepandisha kiti hadi kuwa chombo cha dola. Katika Jaws Corner, penye mabaraza, kahawa na mabango ya siasa, upandaji huo wa maana unaonekana kwa macho. Hata hivyo, mtaa ukigeuzwa wa hoteli na maduka ya vinyago, baraza huwa rafu ya bidhaa, na mzee aliyekuwa akikaa hapo hana pa kukaa.

Hatari hii si ya kubuni. Ujenzi wa hoteli katika jengo la Mambo Msiige, Shangani, ulizusha wasiwasi wa Kamati ya Urithi wa Dunia, na jina la jengo lenyewe, kwa bahati, linasomeka kama onyo. Kwa upande mwingine, mpango wa karibuni wa kulijenga upya eneo la Ng'ambo uliitwa kwa Kiswahili: "Ng'ambo Tuitakayo". Kiambishi tu- ndicho chenye uzito hapo. Kinadai mwenye kutaka, na kinampa mkazi haki ya kuuliza ni nani aliyeulizwa. Mkazi wa Ng'ambo anayevuka Darajani jioni kwenda Forodhani hulipia chakula chake tu. Ukuta anaokalia, na upepo anaoupunga, bado ni bure.