Ua la Wafalme wa Ufaransa na Safari Yake Mpaka Kwetu

Mwanafunzi mmoja wa skauti alinijia na beji yake mkononi akaniuliza, "Mwalimu, hiki ni nini? Baba asema ni ncha ya mkuki, na babu asema ni kitunguu kilichochipua." Nikacheka, kwa maana sisi wa milima ya Uluguru twavijua vitunguu, hasa watu wa Mgeta. Lakini swali lake lilikuwa jema, na jibu lake ni refu kuliko nilivyodhani.

Kile ni ua. Wafaransa huliita fleur-de-lis, maana yake ua la yungiyungi. Lakini ukiliangalia vema halifanani sana na yungiyungi. Wengi wenye elimu ya mimea hudhani kwamba mfano wake ni ua jingine, irisi ya manjano, liotalo kando ya mito ya Ulaya. Lina majani matatu: la kati limesimama, na mawili yameinama huku na huku, nayo yamefungwa pamoja kwa mshipi.

Wafaransa walikuwa na hadithi kwamba mfalme wao Clovis aliletewa ua hilo kutoka mbinguni. Clovis alibatizwa Reims karibu na mwaka 500, lakini hadithi hiyo ilitungwa baada ya kufa kwake kwa mamia ya miaka, basi tusiihesabu kuwa habari ya kweli. Linaloonekana hakika ni kwamba katika karne ya 12 wafalme wa Ufaransa walikwisha kulitwaa kuwa alama yao, wakilitawanya kwa rangi ya dhahabu juu ya ngao ya buluu. Mnamo mwaka 1376 Mfalme Charles wa Tano akayapunguza maua yawe matatu tu, kwa heshima ya Utatu Mtakatifu. Wafalme wa Uingereza nao, walipodai kiti cha Ufaransa mwaka 1340, wakayatia katika ngao yao, wala hawakuyaondoa mpaka mwaka 1801.

Hata hapo, msomaji atasema, mambo haya ni ya Ulaya, yatuhusu nini? Basi na asikilize.

Wafalme hao walikuwa na visiwa viwili katika bahari yetu ya Hindi. Kimoja kiliitwa Bourbon kwa jina la ukoo wao, nacho leo ni Réunion. Cha pili kiliitwa Isle de France, nacho leo ni Morisi. Huko walilima kahawa na miwa, na walimaji walikuwa watumwa. Mwezi wa Desemba 1723 mfalme alitoa sheria ya watumwa wa visiwa hivyo, akifuata ile iliyotolewa mwaka 1685 kwa visiwa vya Amerika. Katika sheria hiyo imeandikwa kwamba mtumwa akitoroka akakaa mwezi mmoja, akatwe masikio, na apigwe chapa ya chuma cha moto begani. Na chapa hiyo ni nini? Ni ua lile lile. Akitoroka mara ya pili, akatwe mshipa wa nyuma ya goti, na bega la pili lipigwe chapa. Mara ya tatu, auawe.

Na watumwa hao walitoka wapi? Wengi walitoka Madagaska na Msumbiji, na wengine walitoka pwani yetu. Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa aitwaye Morice, aliyekuwa tabibu kabla ya kuwa mfanya biashara, alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa. Sultani aliahidi kumpa watumwa 1,000 kila mwaka kwa reale 20 kila mtu, na zawadi ya reale 2 kwake mwenyewe kwa kila kichwa. Mapatano yaliandikwa yawe ya miaka 100. Watu wale waliletwa Kilwa kwa miguu, wengine toka nchi za mbali za Ziwa Nyasa, wakapakiwa merikebuni chini ya bendera ya mfalme. Kwa hiyo ua lililokuwa dhahabu katika ngao lilikuwa kovu katika ngozi ya watu wetu. Nami nashangaa kwamba maua matatu yaliyowekwa kwa heshima ya Mungu yalitumika hivyo, wala waliotunga sheria hawakuona aibu.

Utawala wa wafalme uliangushwa mwaka 1792, na ua likabanduliwa katika majumba na milango. Lilirudi kwa muda tangu 1814, kisha likaondoka tena mwaka 1830. Utumwa wenyewe ulikawia zaidi: huko Réunion ulikomeshwa tarehe 20 Desemba 1848, wakafunguliwa watu zaidi ya 60,000.

Tena ni katika kisiwa hicho hicho walikotoka mapadre na masista wa kwanza wa Kikatoliki walioshuka Unguja mwezi wa Desemba 1860, wakaanza kuwakomboa watumwa. Mwaka 1868 kazi ikahamia Bagamoyo, na baadaye ikapanda bara, Mhonda mwaka 1877, kisha Morogoro. Hata mbegu za kahawa walizopanda Bagamoyo zilitoka Réunion. Nao walileta picha za Bikira Maria na za Mtakatifu Yosefu mwenye yungiyungi jeupe mkononi, alama ya usafi wa moyo. Ua hilo ndilo wazee wetu walilolijua kwanza, na ni heri walilijua hivyo.

Basi beji ya skauti? Hiyo haikutoka kwa wafalme moja kwa moja, ila kwa mabaharia. Tangu zamani za Wareno wachora ramani walitia ua hili juu ya dira kuonyesha kaskazini. Baden-Powell alipoanza skauti, mwaka 1907, alilichagua kwa sababu hiyo, ili kijana aonyeshe njia iliyo sawa. Na majani yake matatu ni sehemu tatu za ahadi ya skauti.

Nilimweleza kijana yote haya, na lile la chapa pia. Akanyamaza kitambo, akaipindua beji, akauliza kama Baden-Powell alijua. Nikamwambia kwamba bwana huyo alikaa miaka yake ya mwisho Nyeri, katika Kenya, akafa huko tarehe 8 Januari 1941. Juu ya jiwe la kaburi lake limechorwa ua hilo, na chini yake duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya skauti isemayo: nimekwenda nyumbani.