Kufiwa na kichanga

Kufa, kufia, kufiwa. Kauli ya kutendea na ya kutendwa zimekutana hapo, zikazaa kitenzi kinachomtazama aliyebaki. Marehemu amekufa, mama, baba, bibi na kaka wamefiwa. Kitenzi hiki hakiulizi marehemu aliishi miaka mingapi.

Tunaouliza ni sisi wasemaji. Akifariki mzee, wenye msiba huitwa wafiwa, turubai hufungwa, rambirambi huchangwa. Kikizikwa kichanga cha siku mbili, mara nyingi utasikia tu kwamba mama "amepoteza mtoto", kana kwamba alimwachia mkono sokoni. Aliyejifungua mtoto mfu hata hilo halipati. Huambiwa "Mungu atakupa mwingine". Kwangu mimi, kuliko pole ya namna hiyo, heri mtu anyamaze. Aliyezikwa ni huyu, si mwingine. (Na baba? Huyo hutumwa kutafuta wachimba kaburi, basi.)

Katika jambo hili sheria imetutangulia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama siku 84 za ziada za likizo ya uzazi yenye malipo, ndani ya mzunguko uleule wa likizo, iwapo mtoto atafariki kabla ya kutimiza mwaka.

Basi ukifika kwenye msiba wa aina hiyo, sema "poleni kwa kufiwa", kwa wingi, baba naye asikie. Na kama mtoto alikwisha kupewa jina, litaje.