Kilimo na Maendeleo Endelevu: Bonde la Kilombero

Kilimo ndicho kazi inayowalisha wanadamu, na ndicho kitumiacho takribani asilimia 70 ya maji baridi yote yanayotekwa duniani. Kwa ajili hiyo kina sehemu kubwa katika Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Septemba 2015, ambayo la pili lake ni kukomesha njaa ifikapo 2030. Maendeleo huitwa endelevu pale kizazi kilichopo kinapotosheleza haja zake bila ya kuwadhulumu wajao, na maana hiyo ilienezwa na Tume ya Brundtland mwaka 1987. Mahali ambapo sharti hilo hudhihirika waziwazi katika Afrika Mashariki ni Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, Tanzania, hususan pande za Ifakara na Kivukoni.

Ardhi na maji. Bonde limelala baina ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za Mahenge upande wa kusini-mashariki, na kila masika mito iteremkayo kutoka nyanda za juu, kama vile Ruhudji, Mnyera, Mpanga na Kihansi, huufurisha mto Kilombero hata ukatapakaa mbugani, ukaacha tope lenye rutuba ambalo ndilo mbolea ya asili ya mpunga. Mafuriko hayo hayo ndiyo yawapatiayo kambale na perege mahali pa kuzalia, na ndiyo yaoteshayo majani ya malisho ya sheshe, mnyama wa jamii ya swala ambaye bonde hili lilikuwa makao ya sehemu kubwa kabisa ya idadi yake duniani. Kwa sababu hizo, mwaka 2002 eneo la hekta zipatazo 796,700 liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Historia ya kilimo. Wandamba walikuwa wakulima wa mpunga na wavuvi tangu kabla ya utawala wa Wadachi, na desturi ya kuhamia madungu mashambani wakati wa masika, ili kuamia ndege na kuwafukuza nguruwe na viboko, ingalipo hata leo. Miwa ilishika nafasi yake kaskazini mwa bonde mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilipoanza kazi Kiwanda cha Sukari cha Kilombero, ambacho fauka ya mashamba yake chenyewe hununua miwa ya maelfu ya wakulima wadogo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, iliufungulia mchele wa Ifakara na Mlimba njia ya masoko ya mbali. Na huko Kivukoni, ambako gunia lililotoka Ulanga, ng'ambo ya mto, lilingoja pantoni, daraja lilifunguliwa mwaka 2018.

Kuongeza mavuno. Kituo cha utafiti cha KATRIN, Ifakara, ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ndicho kilichotoa mbegu ya TXD 306, ijulikanayo kwa wakulima kwa jina la Saro, yenye mazao mengi kuliko mbegu za asili, ijapokuwa walaji wengi wangali wakiipendelea mbegu ya Supa kwa harufu yake. Pamoja na mbegu hiyo umeenea ukulima uitwao kilimo shadidi, uliobuniwa Madagaska na padre Henri de Laulanié katika miaka ya 1980: miche hung'olewa kitaluni ingali michanga, hupandikizwa mmoja mmoja kwa nafasi, na jaruba hutiwa maji na kukaushwa kwa zamu badala ya kufurikishwa daima. Kwa njia hiyo matumizi ya mbegu na maji hupungua, na gesi ya methani itokayo katika majaruba yaliyofurika, ambayo huzidisha joto la dunia, hupungua vilevile.

Mashaka na migogoro. Mwaka 2010 ulizinduliwa mpango wa SAGCOT wa kuwavuta wawekezaji katika kilimo cha nyanda za kusini, na shamba la Mngeta, lenye hekta zipatazo 5,800, likatajwa kuwa mfano wake kwa kuwa liliwafundisha majirani kilimo shadidi. Lakini lililaumiwa pia na wakulima waliopoteza ardhi, na mwisho wake likalemewa na madeni. Pamoja na hayo wafugaji wa Kisukuma, Kibarbaig na Kimaasai waliingia na makundi makubwa ya ng'ombe, wakulima nao wakasogeza mashamba mbugani, na operesheni ya mwaka 2012 ya kuwaondosha wafugaji iliacha uchungu ambao haujatoweka. Kadhalika majaruba ni mazalio ya mbu, na mkulima alalaye dunguni yumo hatarini zaidi kupatwa na malaria, maradhi ambayo Taasisi ya Afya Ifakara, iliyotokana na maabara ya Waswisi ya miaka ya 1950, imeyachunguza kwa muda mrefu.

Tathmini. Kilombero huupa mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na katika Rufiji limejengwa Bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Kwa hiyo msitu ukatwao Udzungwa na mfereji uchimbwao bondeni ni mambo ya taifa zima, si ya mwenye shamba peke yake. Ekari mpya iliyokatwa mbugani huleta mpunga kwa kuondoa samaki, malisho na kinga ya mafuriko, ilhali gunia lililoongezwa katika ekari ya zamani haliondoi kitu. Lakini mkulima hawezi kuichagua njia ya pili ikiwa mbegu bora na mbolea humjia kwa mkopo wa dalali, ambaye huununua mpunga ungali shambani kwa bei ya chini, wala ikiwa hana hati ya kumhakikishia kwamba jaruba alilolisawazisha mwaka huu litakuwa lake mwakani. Basi hifadhi ya bonde hutegemea kwanza mikopo ya insafu, maghala ya ushirika na haki ya ardhi iliyoandikwa.