Kanisa la Milimani katika Rasi ya California

Wasikilizaji, mgeni afikaye Malindi huonyeshwa kikanisa kidogo cha Wareno karibu na pwani, na huko husimuliwa habari za Francisco Xavier, padre wa shirika la Wajesuiti. Padre huyo alitua Malindi mwaka 1542, alipokuwa safarini kwenda Goa. Hakukawia. Alimzika mtu mmoja aliyefia chomboni, akazungumza na mkubwa mmoja wa mji juu ya mambo ya dini, kisha merikebu ikatweka. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha pwani ya China. Jina lake, walakini, lilisafiri mbali kuliko miguu yake, na jioni hii nataka tulifuate mpaka kijiji kimoja cha milimani, katika nchi ambayo hakuiona kamwe.

Nchi hiyo ni rasi ya California, iliyo sehemu ya Meksiko. Ni ulimi mwembamba wa ardhi, urefu wake karibu maili 800, upande mmoja Bahari ya Pasifiki na upande wa pili ghuba. Mvua ni haba mno, na miti iliyo mingi ni ya miiba. Wajesuiti walishuka pwani yake mwaka 1697, wakiongozwa na Padre Juan María Salvatierra, wakajenga kituo mahali paitwapo Loreto. Miaka miwili baadaye Padre Piccolo, mzaliwa wa Sicily, alipanda milimani akaanzisha misheni ya San Javier, yaani Mtakatifu Xavier, kati ya watu waitwao Wakochimi.

Kutoka Loreto mpaka San Javier ni maili 22 hivi. Siku hizi motokaa yapanda. Zamani ilikuwa safari ya nyumbu na mawe. Njia huingia katika mabonde makavu ya milima iitwayo Giganta, maana yake Jitu la Kike, na aionaye kutoka baharini hatauliza sababu ya jina hilo. Ghafula bonde hufunguka, na hapo pana nyumba chache, mashamba ya vitunguu, na njia moja iliyonyoka inayokwisha mlangoni pa kanisa la mawe lenye mnara. Mtu hustaajabu: nani aliyetaka jengo kama hili mahali kama hapa?

Ndani, nyuma ya altare, pamesimama ukuta wa mbao zilizochongwa na kupakwa dhahabu, wenye picha za rangi, na sanamu ya Mtakatifu Xavier katikati. Ulitoka mji wa Meksiko; ulichukuliwa vipande vipande juu ya nyumbu, ukavushwa ghuba kwa chombo, ukapandishwa tena milimani kwa nyumbu. Sifa hii kanisa lastahili. Lakini kwa maoni yangu jambo la ajabu zaidi liko nje, katika mabwawa na mifereji ya mawe. Bila maji yale yasingalikuwako mahindi, na bila mahindi nani angalikaa hapa muda wa kutosha kujenga lo lote?

Kazi ya maji ilianzishwa na Padre Juan de Ugarte, mtu wa Tegucigalpa, aliyefika San Javier mwaka 1701. Alikuwa mwalimu wa chuo, tena mwenye mwili mkubwa na nguvu za kupita kiasi. Yasimuliwa kwamba watu wazima walimfundisha maneno ya uongo ya Kikochimi ili wapate kumcheka akihubiri, akaacha kuwauliza, akajifunza kwa watoto. Yasimuliwa pia kwamba Wakochimi hawakuthubutu kumwua simba wa milimani, wakiamini kuwa amwuaye atakufa. Ugarte akampiga mmoja kwa mawe hata akafa, akampakia juu ya nyumbu wake na kumleta kijijini. Watu wakangoja Padre afe. Hakufa. Alipanda mizabibu, akafuga kondoo, akaleta mfumaji wa kufundisha kufuma sufu. Maji ya kituo cha kwanza yalipopungua, yapata mwaka 1710, misheni ikahamishwa mpaka mahali ilipo leo.

Kanisa tulionalo ni kazi ya Padre Miguel del Barco, Mhispania, aliyekuja huko mwaka 1738. Ujenzi ulianza mwaka 1744, ukamalizika mwaka 1758. Wenyeji ndio waliofanya kazi, kwa kulishwa uji wa mahindi wa misheni.

Wasikilizaji, hapa hapana budi kusema jambo lisilopendeza. Wakochimi hawakuwa wakulima. Walikaa kwa makundi madogo, wakihama kufuata maji na matunda ya msimu. Misheni iliwaita wakae pamoja, na kengele ile iliyowakusanya watu iliyakusanya na maradhi. Ndui, surua na homa nyingine, ambazo miili yao haikuzijua, ziliwamaliza, hasa watoto. Wajesuiti walipoingia, watu wa rasi yote walikadiriwa kuwa elfu 40 au zaidi. Mwaka 1768 walisalia kama elfu 7. Basi, kadiri kuta za Barco zilivyozidi kwenda juu, ndivyo watu wa rasi walivyozidi kupungua. Sidhani kwamba aliyataka hayo, wala sidhani kwamba nia njema yake inapunguza hesabu hiyo.

Mwaka 1767 Mfalme Carlos wa Tatu wa Hispania aliamuru Wajesuiti wote watolewe katika milki zake. Gavana Gaspar de Portolá alitumwa California kuwaondoa. Watu walikuwa wamesema kwamba mapadre wameficha hazina kubwa, haikuonekana. Tarehe 3 Februari 1768 Wajesuiti 16 walipanda chombo Loreto, na Barco alikuwa mmoja wao. Wafransisko walishika misheni baada yao, kisha Wadominiko, na mwaka 1817 San Javier iliachwa kwa kuwa watu wake walikuwa wamekwisha.

Barco alikaa uhamishoni Bologna, Italia, mpaka kufa kwake mwaka 1790. Huko, mbali na lile kanisa, aliketi kuandika: miti ya California, wanyama, samaki, na lugha ya Wakochimi. Aliandika jinsi lugha hiyo inavyokwenda, na sala waliyoisali. Katika hesabu yao, tano ilitajwa kuwa mkono mmoja mzima, jambo ambalo mtoto ye yote ahesabuye kwa vidole atalielewa. Maandiko yake yalilala muda mrefu, hata yakapigwa chapa Meksiko mwaka 1973. Wakati huo hapakuwa tena na mtu wa kuisema lugha ile.

Wakazi wa bonde leo wengi wao ni uzao wa askari na wachunga ng'ombe waliofuata misheni. Nyuma ya kanisa iko mizeituni mikongwe iliyopindana, nayo husemekana ilipandwa na Wajesuiti wenyewe. Kila tarehe 3 Desemba, siku aliyofariki Xavier, watu hupanda kutoka pwani na mashamba ya mbali, wengine kwa motokaa, wengine juu ya farasi, wengine kwa miguu. Kengele hupigwa, kanisa hujaa mpaka mlangoni, na sala husaliwa kwa Kihispania.