Waliolaza Mawe: Njia ya Santiago Katika Nchi ya Mizabibu

Kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, chini ya milima ya Pyrenees upande wa Ufaransa, hadi Santiago de Compostela ni mwendo wa kilomita 780 hivi. Mahujaji wameukanyaga kwa zaidi ya miaka elfu moja, tangu kaburi linaloaminika kuwa la Mtume Yakobo lilipotangazwa kuonekana huko Galicia katika karne ya 9. Kabla ya kufika Galicia, njia hupenya mashamba ya mizabibu ya Navarra na La Rioja. Historia ya sehemu hiyo husimuliwa zaidi kwa majina ya wafalme. Kwa maoni yangu, sifa kubwa zaidi ni ya waliolaza mawe.

Wafalme walikuwa na sababu zao. Sancho III wa Pamplona, katika karne ya 11, aliielekeza njia Nájera, mji wa ufalme wake. Mwaka 1095 Alfonso VI aliwapa walowezi wa Logroño hati ya haki na nafuu, Wahispania na wageni kutoka Ufaransa kwa pamoja. Palipo na mahujaji palikuwa na biashara, na palipo na biashara palikuwa na ushuru.

Mizabibu ilikuwapo tangu enzi za Warumi, lakini monasteri ndizo zilizoipa uhai mpya. Misa haiadhimishwi bila divai, na mgeni aliyebisha hodi jioni, miguu imevimba, alipaswa kupewa kitu cha kumtia nguvu. Kitabu cha mwongozo cha karne ya 12, kilichomo katika Codex Calixtinus, kinawaonya mahujaji wasinyweshe farasi maji ya mto Salado kwa kuwa yanaua. Kisha kinausifu mji wa Estella kwa mkate wake mwema na divai yake bora. Huyo aliyeandika alikuwa ameona kiu. Karne moja baadaye, Gonzalo de Berceo, kasisi na mshairi wa La Rioja, aliona kwamba utungo wake ulistahili gilasi ya divai njema.

Lakini divai haimvushi mtu mto. Domingo, aliyezaliwa Viloria mwaka 1019, aliomba kuwa mtawa na monasteri zikamkataa. Akaenda kuishi peke yake msituni, karibu na mto Oja, akaona mahujaji wakitaabika kwa vichaka na mafuriko. Alifyeka msitu, akatandaza barabara ya mawe, akajenga daraja, kisha nyumba ya kuwahifadhi wagonjwa na wasafiri. Mji ulikua kuizunguka kazi hiyo, nao leo unaitwa Santo Domingo de la Calzada. Alifariki mwaka 1109. Mwanafunzi wake, Juan de Ortega, aliendelea kujenga madaraja na kuwapokea wageni.

Njia ilikuja kudorora kwa muda mrefu. Aliyeiamsha naye hakuwa mfalme: Elías Valiña, paroko wa O Cebreiro, ambaye mwaka 1984 alianza kupaka mishale ya njano kuwaonyesha watu pa kupita. UNESCO iliiingiza njia katika Urithi wa Dunia mwaka 1993. Huko Irache, jirani na Estella, kiwanda kimoja cha divai kilifungua mwaka 1991 chemchemi yenye mabomba mawili, moja la maji na jingine la divai, bure kwa mpita njia. Mwaka 2024 waliopokea cheti cha hija mjini Santiago walikaribia 500,000.

Idadi kubwa miongoni mwao huanzia Sarria, huko huko Galicia, kwa kuwa kilomita 100 za mwisho kwa miguu zinatosha kupata cheti. Kwa hiyo hawaioni La Rioja kabisa. Msomaji ukijaliwa kwenda, anzia mbali zaidi, walau Logroño, ulivuke daraja la Oja kwa miguu yako. Wahandisi wa ujenzi wa Hispania wamemfanya Domingo mtakatifu msimamizi wao, na sikukuu yake ni tarehe 12 Mei.