Maji ya Kuoga: Kutoka Kata hadi Kichwa cha Shawa

Ukiingia leo katika duka la vifaa vya ujenzi kutafuta kichwa cha shawa, mwenye duka atakuwekea mbele yako vya namna nyingi: vidogo vya plastiki, vya chuma king'aacho, na vingine vipana mfano wa sinia. Juu ya makasha ya baadhi yake pameandikwa kwamba huokoa maji. Je, utajuaje kuwa ndivyo? Mimi ni mwalimu wa historia, wala si fundi wa mabomba, lakini naona swali hili halijibiki vema pasipo kutazama nyuma; maana chombo hiki, ambacho leo twataka kibanie maji, kilipoanza kuenea duniani kilienea kwa sababu iyo hiyo ya kubania maji.

Tuanze kwetu. Katika nyumba za mawe za Lamu, chumba cha kuogea kilikuwa na birika la kujengwa, lililojazwa maji ya kisima. Ndani yake walifugwa samaki wadogo wapate kula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwa birika zilipachikwa bakuli za kauri ya Kichina, ili maji yakipungua samaki wasikose mahali pa kukaa. Mwogaji hakuingia birikani. Aliteka maji kwa kata, yaani kifuu cha nazi kilichotiwa mpini, akajimiminia. Maji ya kata moja ni machache, na yakisha kupita mwilini hayarudi kuyachafua yaliyobaki. Tena, kwa kuwa kila kata ilitekwa kwa mkono, mtu alijua ametumia ngapi. Neno hilo la kujua ulikumbuke, maana tutakutana nalo tena.

Ulaya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. William Feetham wa London alipata hati ya ubunifu kwa shawa ya kusukumwa kwa mkono, lakini ilikuwa kama mchezo wa matajiri tu, na watu wengi hawakuijali. Aliyeipa shawa kazi ya maana alikuwa daktari wa gereza, Merry Delabost, katika mji wa Rouen, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Fikiri shida yake: ana wafungwa wengi wachafu, na kumwogesha kila mmoja katika pipa kwataka maji mengi, kuni nyingi na saa nyingi. Basi akawasimamisha chini ya manyunyu ya maji ya moto, na kazi ikaisha upesi kwa maji machache. Majeshi nayo yakafuata njia hiyo. Mwaka 1883, katika maonyesho ya afya mjini Berlin, Oscar Lassar, daktari wa magonjwa ya ngozi, alisimamisha nyumba ndogo ya mabati yenye vyumba vya shawa, apate kuonyesha kwamba hata mfanyakazi maskini aweza kuoga kwa gharama ndogo.

Kumbe basi shawa ilizaliwa gerezani na kambini, kwa hesabu ya lita! Ilipoingia katika nyumba za watu wenye mabomba yenye nguvu, hesabu hiyo ikasahauliwa. Huko Marekani vichwa vya shawa vilivyomwaga lita 19 na zaidi kwa dakika moja vikawa jambo la kawaida. Ukame ulipoipiga California mwaka 1976 na 1977, watu waligawiwa vizibo vidogo vyenye tundu la kupunguza maji. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1992, iliyoanza kushika vichwa vya shawa mwaka 1994, ikaweka kikomo cha galoni 2.5 kwa dakika, yaani lita 9.5 hivi.

Hapa ndipo penye mtego kwa mnunuzi wa Kenya. Kipimo hicho cha Marekani huchukuliwa maji yakiwa na msukumo mkubwa sana, sawa na wa tangi lililoinuliwa kiasi cha mita 56 juu ya bafu. Nani kwetu ana tangi la namna hiyo? Nyumba zetu nyingi hutumia tangi la darini au la mnara mfupi, mita 2 au 5 tu juu ya kichwa cha mwogaji. Kwa hiyo tarakimu iliyoandikwa juu ya kasha yaweza kuwa ya kweli kabisa, wala isiseme lolote juu ya nyumba yako.

Nalijifunza hayo kwa fedha yangu. Mwezi Januari 2017, maji ya bwawa la Ndakaini yalipopungua na mgao ukaanza Nairobi, nilinunua kichwa cha kuokoa maji, cha aina inayochanganya maji na hewa, nikakifunga katika nyumba ya wazazi wangu. Sikujua kwamba aina hiyo hutaka msukumo wa kutosha, wala sikujua kwamba kile kijisanduku cha umeme kinachopasha maji bafuni hakiwaki mpaka maji yapite kwa kiasi fulani. Matone yakashuka, na tena ya baridi. Baba hakusema neno. Alichukua beseni akaenda zake. Mama alinyamaza siku tatu, kisha akaniambia, "Mwanangu, chombo chako kinaokoa maji kweli, kwani hakuna anayekitumia."

Kabla ya kununua, basi, chukua ndoo ya lita 10 na saa. Fungulia shawa uliyo nayo mpaka mwisho, uhesabu ndoo inajaa kwa muda gani. Ikijaa kwa sekunde 40, shawa yako inamwaga lita 15 kwa dakika. Ukioga dakika 8 umetumia lita 120, yaani mitungi 6 ya lita 20. Jiulize kama ungekubali kuibeba mitungi hiyo kutoka mtoni kila asubuhi. Nyumba ya namna hiyo ina msukumo wa kutosha, na kichwa cha lita 7 au 8 kitaifaa sana. Lakini ndoo ikichukua dakika 2 kujaa, huna haja ya kununua kitu. Tazama badala yake kama bomba linavuja, au kama maji mengi humwagika bure huku mkingoja yapate moto.

Nilirudisha kichwa cha zamani mahali pake, na siku ile ndipo nilipokipima kwa mara ya kwanza. Ndoo ilichukua dakika 2 na sekunde 10. Kilikuwa kikibania maji miaka yote, na hakuna aliyejua. Kile kipya ningali nacho. Hukipeleka darasani pamoja na kata niliyonunua Lamu, nikaviweka vyote viwili mezani kabla sijafungua kitabu.